Nyuzi za Plastiki Kwenye Udongo Mweusi: Kiraka Kizuri, Lakini Si Tiba

Najua nimenyamaza kwa wiki kadhaa, na najua bado nina deni lenu la sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naomba ruhusa nitoke kwenye tarakilishi kidogo niingie kwenye matope, kwa sababu matope haya yanataka kula pesa za mama yangu kwa mara ya pili.

Hali ni hii. Mama ni mwalimu mstaafu, na ana nyumba ya vyumba vitatu Kitengela kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Barabara ya kuingia mtaani kwao ina urefu wa mita 400 hivi. Mvua ikinyesha teksi zinakataa kuingia, bodaboda wanapandisha bei, na watoto wa shule wanabeba viatu mkononi. Wakaazi wamechoka kungoja serikali, kwa hivyo wameamua kuchanga wajitengenezee barabara wenyewe.

Mwezi uliopita akaja muuzaji mmoja, kijana nadhifu na kipakatalishi chake, akawaonyesha picha na mfuko wa nyuzi nyeupe za plastiki, fupi kama kucha. Maneno yake yalikuwa matamu. Hakuna haja ya kuchimba udongo mweusi na kuutupa. Hakuna haja ya kuleta muramu kwa malori. Mnachanganya nyuzi na udongo wenu wenyewe, mnashindilia, kwisha! Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya mwanakandarasi wa kwanza. Mwenyekiti alifurahi, na kikundi cha WhatsApp kikajaa makofi.

Mama hakupiga makofi. Alinipigia simu. "Wewe si ulisomea kompyuta? Ingia huko kwa mtandao uniambie kama huyu kijana anatuuzia dawa ama anatuuzia maji."

Digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta, si ya uhandisi wa ujenzi. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akanishtaki baadaye. Lakini nimesoma, nimewasumbua wahandisi wawili tuliokaa nao hosteli moja chuoni, na nimechezea matope juu ya paa la ploti ninakoishi hadi kea-teka akadhani nimerukwa na akili. Maoni yangu kwa kifupi ni haya: nyuzi zinafanya kazi, na si uongo. Lakini zinatibu ugonjwa tofauti na ule unaoisumbua Kitengela. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Mwenye kutaka sababu, twende pamoja.

NYUMBA ILIYOJENGWA WAKATI WA KIANGAZI

Mama alijenga mwaka 2021. Mtakumbuka kipindi kile: kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa Kajiado, na ardhi ya Kitengela ilipasuka nyufa ambazo ungeweza kupoteza simu ndani yake. Mwanakandarasi aliangalia ardhi ile, akaiona ngumu kama jiwe, akachimba msingi mfupi, akamwaga zege la sakafu juu ya kifusi chembamba. Mama alilipa kwa mkopo wa Sacco. Nyumba ilipendeza.

Kisha zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, na masika ya 2024 yakafuata na mafuriko yale ambayo kila mtu anayakumbuka. Udongo ukanywa maji. Kwanza mlango wa chumba cha kulala ukakataa kufungika. Halafu ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha, ukapanda mshazari hadi kwenye dari. Halafu sakafu ya sebule ikainuka, kidogo tu, kiasi kwamba ukiweka chungwa upande mmoja linajiviringisha lenyewe hadi upande wa pili. Mama alinionyesha hilo chungwa akicheka, lakini nilimwona machoni kwamba hakuwa anacheka.

Fundi mzee tuliyemwita kuja kuangalia alipiga magoti, akashika bonge la udongo nje ya ukuta, akalifinya. "Kijana," akaniambia, "udongo mwekundu wa Kiambu ukilala umelala. Huu haulali." Nimesoma kurasa nyingi za utafiti tangu siku ile na sijapata maelezo mafupi yanayoshinda hayo.

KWA NINI HAULALI

Udongo huu ndio wengi tunauita black cotton, udongo mweusi wa pamba, jina lililotoka India ambako pamba hulimwa juu yake katika nyanda za Deccan. Hapa kwetu umetanda mashariki na kusini ya Nairobi, kuanzia Embakasi kwenda Mlolongo, Athi River na Kitengela, na pia uko Mwea kwenye mpunga. Mpunga unaupenda kwa sababu unashika maji. Nyumba inauchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani yake kuna madini ya jamii ya smektaiti. Fikiria rundo la karatasi nyembamba sana zilizopangwa moja juu ya nyingine. Maji yanapoingia, yanapenya katikati ya karatasi na kuzisukuma zitengane, na udongo mzima unavimba. Jua likipiga, maji yanatoka, karatasi zinakaribiana, udongo unasinyaa na kupasuka. Nyufa hizo ndizo milango ya maji ya msimu ujao. Kila mwaka mzunguko ni ule ule.

Kwa hivyo tuna magonjwa mawili yanayokwenda pamoja: kuvimba wakati wa mvua, na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Kuna na la tatu: ukiloweka udongo huu unakuwa laini kama ugali usioiva. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Kenya wa mwaka 1987 uligawa udongo wa chini ya barabara katika madaraja sita, S1 hadi S6, kwa kipimo kiitwacho CBR, yaani jinsi udongo unavyokataa kudidimizwa. Daraja la mkiani, S1, lilikuwa la CBR kati ya 2 na 5, na udongo mweusi uliolowa hauwezi kujivunia zaidi ya hapo. Matatu yenye abiria 14 ikipita, inazama.

Shikeni magonjwa haya matatu akilini. Muuzaji aliyazungumzia kana kwamba ni moja.

NYUZI NI WAZO LA KALE

Kuchanganya nyuzi na udongo hakukuanza na plastiki. Bibi zetu walikandika kuta kwa udongo uliochanganywa na nyasi, na nyumba ya Kimaasai hupigwa plasta ya udongo na samadi ya ng'ombe ambayo imejaa nyasi zilizotafunwa. Kule Iraki, mnara wa Aqar Quf karibu na Baghdad umesimama zaidi ya miaka 3,000 ukiwa na matabaka ya matete katikati ya matofali yake ya udongo. Miaka ya 1960 mhandisi Mfaransa Henri Vidal aliligeuza wazo hili kuwa taaluma ya kisasa kwa kulaza vipande virefu vya chuma ndani ya udongo uliojazwa nyuma ya ukuta. Hizi nyuzi fupi za polipropilini ni wajukuu wa ukoo huo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Udongo ni hodari kugandamizwa lakini ni dhaifu sana kuvutwa. Ukiuvuta unaachana. Uzi ni kinyume: hauna maana ukiugandamiza lakini ukiuvuta unashika. Ukitawanya maelfu ya nyuzi ndani ya udongo na kushindilia, udongo unazibana. Ufa unapotaka kufunguka unakuta nyuzi zimekatiza njia yake kama daraja, na ili ufunguke ni lazima kwanza uzichomoe.

Mwaka 2007 Chaosheng Tang na wenzake wa China walichapisha majaribio ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na nyuzi za polipropilini za urefu wa milimita 12, kwa viwango vya asilimia 0.05, 0.15 na 0.25 ya uzito wa udongo mkavu, wakiutumia peke yake na ukiwa na saruji ya asilimia 5 na 8. Nguvu ziliongezeka. Lakini kilichonivutia mimi kama mwandishi wa programu ni jinsi udongo ulivyoharibika. Udongo wenye saruji bila nyuzi ulifika kilele chake cha nguvu na kuvunjika ghafla kama gae. Wenye nyuzi uliendelea kushikilia hata baada ya kilele, ukalegea polepole.

Wale tunaoandika programu tunajua thamani ya hilo. Mfumo unaokufa ghafla saa nane usiku unakutoa kitandani ukiwa huna la kufanya. Mfumo unaolegea polepole, ukionya njiani, unakupa muda wa kuurekebisha. Nyuzi zinaupa udongo tabia hiyo ya pili, na si jambo dogo. Ni sababu nzuri ya kuzitumia kwenye kingo za mitaro, kwenye miteremko inayoporomoka, na ndani ya tabaka lililotiwa chokaa au saruji ambalo limekuwa gumu lakini limekuwa rahisi kupasuka.

Lakini angalieni kitu kimoja. Uzi hauanzi kufanya kazi mpaka udongo uanze kusogea. Ni kama ile sehemu ya programu inayodaka makosa: haizuii kosa kutokea, inalidaka likishatokea. Na kuvimba kwa smektaiti ni kosa lililoko ndani kabisa ya msimbo wenyewe. Uzi wa plastiki hauchanganyikani na maji, haubadilishi kemia ya madini, hauzuii karatasi zile kutengana. Unakaa pale kando ukisubiri.

JARIBIO LA JUU YA PAA

Nilileta udongo wa kwa mama kwa gunia hadi ninakoishi, nikaukausha, nikautwanga, nikauchekecha.

Kuna kipimo rahisi ambacho Wahindi wamekiweka kwenye viwango vyao na ambacho yeyote anaweza kukijaribu. Unachukua gramu 10 za udongo laini, unaweka kwenye silinda ya kioo ya mililita 100 yenye maji, na gramu 10 nyingine kwenye silinda ya pili yenye mafuta ya taa. Udongo huu hauvimbi ndani ya mafuta ya taa, kwa hivyo hiyo ndiyo sifuri yako. Unaacha saa 24, halafu unalinganisha ujazo wa udongo uliotuama. Ukiwa ule wa kwenye maji umezidi kwa zaidi ya asilimia 50, kipimo hicho kinasema hatari ni kubwa sana. Silinda niliazima kwa mwalimu wa kemia rafiki ya mama. Asubuhi nilipanda juu nikakuta udongo wa kwenye maji umefika karibu mara mbili ya ule wa kwenye mafuta. Sikuhitaji kikokotoo.

Halafu nikatengeneza mikate miwili ya udongo kwenye masinia, kilo mbili kila mmoja. Wa kwanza mtupu. Wa pili nikautia gramu 5 za nyuzi alizoacha muuzaji kama sampuli, yaani asilimia 0.25. Somo la kwanza nililipata hapo hapo: kuchanganya ni kazi! Nyuzi zilijikunja zikawa mafundo kama nywele kwenye chanuo. Ilinichukua karibu saa nzima kuzitawanya kwa mkono katika kilo mbili. Mkumbuke hilo tutakapofika kwenye barabara.

Baada ya siku sita za jua, mkate mtupu ulikuwa umepasuka vipande saba, na sarafu ya shilingi kumi iliingia kwenye nyufa bila kusukumwa. Mkate wenye nyuzi ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele tu, na niliuinua mzima kwa mikono miwili. Nilifurahi kama mtoto. Nikampigia mama picha. Angeishia hapo muuzaji yeyote, na picha hiyo ndiyo hasa aliyokuwa nayo yule kijana kwenye kipakatalishi chake.

Nilichofanya baadaye ni kile asichokuwa nacho kwenye picha. Nilirudisha vipande vya mkate wa kwanza pamoja, nikamwagia masinia yote mawili maji, nikaacha usiku kucha. Asubuhi mikate yote miwili ilikuwa imepanda juu ya ukingo wa sinia. Wenye nyuzi ulikuwa umevimba sawa na mwenzake. Rula yangu si maabara, lakini hata kwa jicho jibu lilikuwa wazi: nyuzi zilimaliza nyufa na hazikugusa kuvimba.

UTAFITI ULIKUWA UMESHASEMA

Baadaye nikagundua kwamba ningejiokolea wiki nzima kama ningeanza kwa kusoma. Mwaka 2000 Puppala na Musenda walichapisha utafiti wao kuhusu nyuzi katika udongo unaovimba. Waliona nguvu zikiongezeka na kusinyaa kukipungua, kama nilivyoona mimi. Shinikizo la kuvimba, yaani nguvu ambayo udongo unasukuma nayo ukizuiwa usipande, lilipungua pia. Lakini kuvimba kwenyewe, udongo ukiachwa huru upande, kuliongezeka.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Kuliongezeka.

Mtu anaweza kuniambia, "Lakini shinikizo limepungua, hilo si jambo zuri?" Ni zuri ukiwa na ghorofa kumi juu yake linalokandamiza chini kwa uzito wake. Sisi tunazungumzia barabara ya mtaa na nyumba ya chini yenye paa la mabati. Vitu hivi ni vyepesi. Udongo uliokauka ukipata maji chini ya kitu chepesi, ni karibu sawa na kuachwa huru. Sebule ya mama ni shahidi.

Dawa ya kuvimba inajulikana, nayo si mpya: ni chokaa. Kalisiamu ya chokaa inaingia kwenye zile karatasi za madini na kuzifanya zisiwe na kiu kali ya maji, na kwa muda mrefu zaidi inajenga vifungo vinavyofanana na vya saruji. Chokaa inabadilisha udongo wenyewe. Upungufu wake ni kwamba udongo ule sasa unakuwa mgumu na unavunjika ghafla, na hapo ndipo nyuzi zinapopata kazi yao halali. Mwaka 2006 watafiti wa China wakiwemo Cai na Tang huyo huyo walijaribu chokaa na nyuzi pamoja katika udongo wa mfinyanzi na kuona kwamba viwili hivyo vinasaidiana. Chokaa inatibu, uzi unashika. Kumpa mgonjwa wa malaria bandeji peke yake ni kosa, hata kama bandeji ni nzuri.

TUPIGE HESABU YA MITA 400

Sasa turudi mtaani kwa mama. Barabara ni mita 400, upana mita 6, na muuzaji anapendekeza tabaka la sentimita 15. Hiyo ni mita 360 za ujazo. Tuseme udongo ulioshindiliwa una tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo ukihesabiwa mkavu: ni tani 504. Asilimia 0.25 ya hiyo ni tani 1.26 za nyuzi.

Kama nyuzi ni za milimita 12 na unene wa milimita 0.034, kama zile za utafiti wa Tang, niliandika msimbo wa mistari minne ukanipa jibu: ni zaidi ya nyuzi bilioni 120. Bilioni mia na ishirini, za kutawanywa sawasawa, katika udongo unaonata, na vijana wa mtaa wenye majembe. Mimi nilitumia karibu saa nzima kwa kilo mbili. Bila mashine ya kusaga na kuchanganya udongo hapo hapo barabarani, mtapata mafundo ya plastiki sehemu moja na udongo mtupu sehemu nyingine, halafu barabara itaharibika pale palipo dhaifu zaidi. Mashine hiyo haikuwemo kwenye bei ya muuzaji.

Kuna hesabu nyingine. Tani 1.26 za plastiki ukizitupa mtoni Athi utakamatwa, na ni haki. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na ilikuwa hapa Nairobi, Machi 2022, ambapo mataifa yalikubaliana kuanza kuandika mkataba wa dunia wa kudhibiti plastiki. Polipropilini haiozi kirahisi ndani ya udongo, na hiyo ndiyo sifa yake kwa mhandisi. Lakini juani inadhoofika na kukatikakatika, na barabara yenye mashimo ni udongo ulioachwa juani. Nyuzi hizo ni nyepesi kuliko maji. Mvua ya kwanza kubwa itazielekeza kwenye mtaro, na mtaro unajua njia ya kwenda mtoni.

Sisemi kwamba plastiki isitumike kabisa. Tabaka lililofunikwa vizuri na kushindiliwa ni tofauti na takataka. Nasema gharama hiyo ni lazima ilipiwe na faida ya kweli, na faida ya kweli hapa bado haijaonyeshwa.

Najua mtaniuliza kuhusu katani. Kenya tunayo, kuanzia Taita Taveta hadi Kilifi, na moyo wangu wa uzalendo ungependa sana jibu liwe katani. Tatizo ni kwamba katani inaoza ndani ya udongo wenye unyevu, na chokaa, ambayo nimetoka kuisifu, inaila pia kwa ukali wake. Kwa ukuta wa nyumba ya udongo unaokandikwa upya kila baada ya muda, katani ni nzuri. Kwa barabara ya miaka kumi, ni lazima kwanza itibiwe.

NINACHOWASHAURI

Kwa mwenyekiti na wakaazi, na kwa yeyote kati yenu ambaye muuzaji wa aina hii atabisha mlango wake, muulizeni maswali manne kabla ya kutoa hata senti:

1. Una matokeo ya kuvimba, si ya nguvu tu, kwa udongo wa hapa hapa na si wa kwingine?
2. Ukilowekwa siku nne majini, CBR ni ngapi bila nyuzi na ni ngapi ukiwa na nyuzi?
3. Utachanganya kwa mashine gani, na nani analipa?
4. Uko tayari kutengeneza mita 20 kwanza, tusubiri msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, ndipo tulipe zilizobaki?

La nne ndilo ninalolipenda zaidi. Hakuna mtu mwenye akili anayepeleka programu kwa wateja wote siku ya kwanza. Unatoa toleo la majaribio kwa wachache, unaangalia linavunjika wapi. Barabara pia inaweza kuwa na toleo la majaribio.

Kwa maoni yangu pesa zilizopo ziende kwanza kwenye maji. Mitaro ya kina pande zote mbili, na mgongo wa barabara uinuke katikati ili maji yasipate pa kukaa, kwa sababu udongo usiopata maji hauna cha kuvimbia. Kisha tabaka la juu la udongo mweusi litibiwe kwa chokaa, kwa kiwango kitakachotoka maabara na si kwa kukisia, halafu muramu juu yake. Chokaa ya asilimia 5 kwa tabaka lile lile ni tani 25 hivi, na hiyo si pesa kidogo. Kama haitoshi kwa mita 400, tufanye 200 vizuri. Nyuzi ziingie mwishoni, ndani ya tabaka la chokaa au kwenye kingo za mitaro, zikishapita mtihani.

Na kwa wahandisi mnaosoma blogu hii, kwa sababu najua mpo: vyuo vyetu vimejaa tasnifu za udongo mweusi ambazo zimelala kwenye rafu zikila vumbi. Sisi wa programu huria tulijifunza kwamba kazi ikiwekwa wazi, makosa yanaonekana haraka na mwenzako anaanzia ulipoishia wewe. Mwaka 2008 Wakenya walitengeneza Ushahidi kwa siku chache ili kuweka kwenye ramani ripoti za watu wa kawaida. Je, tunashindwa kuwa na ramani ya wazi ya udongo, ambapo kila aliyelipia kipimo cha ploti yake anaandika matokeo? Mama angeiona mwaka 2021 kabla hajasaini mkopo. Nimeanza kuandika msimbo wake jioni, na mwenye kutaka kusaidia aniandikie barua pepe.

Mkutano wa wakaazi ulifanyika Jumapili. Mama alisimama na picha zangu za masinia mawili, ile ya kabla ya maji na ile ya baada ya maji, akafundisha kama yuko darasa la sita. Muuzaji alisema atatuma matokeo ya kuvimba. Hadi ninapoandika hayajafika, na sitaki kumhukumu, huenda yako njiani. Wakaazi wamekubaliana kupeleka sampuli maabara kabla ya kuchagua lolote. Mwenyekiti amenuna kidogo.

Nilipomuuliza mama kama ameridhika na uchunguzi wangu, alinijibu, "Umejitahidi. Sasa njoo uniangalilie ule mlango." Kwa hivyo Jumamosi hii nitakuwa Kitengela na randa, nikipunguza mlango ambao nitaupunguza tena msimu ujao. Sehemu ya pili ya hifadhidata, wiki ijayo. Safari hii naahidi kweli.